Nimejitolea kuongoza shule ya Jumapili, sasa wazazi wananitazama kwa shaka

Shikamoo dada mshauri. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni kijana wa miaka 31, fundi umeme wa majumbani, naishi mkoani Morogoro. Sijaoa, ila nina mchumba na sehemu ya mahari imeshapokelewa kwao. Nasali kwenye usharika mmoja wa Kilutheri nje kidogo ya mji. Kuna jambo limenikaa kooni na sioni nimweleze nani bila kumgusa mtu mwingine, ndiyo maana nakuandikia. Baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili watu wasijulikane.

Shule ya Jumapili pale kwetu imekuwa mikononi mwa mama mmoja mtu mzima kwa miaka mingi. Watoto wanamwita Bibi Mwalimu. Vijana wengi wa usharika, hata wanakwaya ambao sasa wana watoto wao, wamepita kwake, na mimi nimo. Mwaka juzi aliniita nikarekebishe taa za chumba cha watoto. Nikiwa bado nafunga balbu watoto wakaingia, akaniambia, "Usiondoke, wafundishe wimbo kwanza." Tangu hapo nimekuwa msaidizi wake. Nashika kundi la wakubwa, wale wa darasa la tatu hadi la sita ambao bado hawajaanza mafundisho ya kipaimara. Dada, kazi hii naipenda. Wiki nzima nashinda kwenye dari za watu na mabomba ya nyaya, lakini Jumamosi jioni nikikaa kuandaa somo natulia kabisa.

Hivi karibuni magoti yalimshinda Bibi Mwalimu. Mchungaji akatangaza ibadani kwamba anahitajika mtu wa kujitolea kuongoza idara ya watoto. Kanisa zima kimya. Nikasimama. Watu wakapiga makofi, baraza la wazee likaafiki, ikapangwa niingizwe kazini kwa maombi mbele ya madhabahu mwanzoni mwa mwezi ujao, ili nipate muda wa kuwaandaa watoto kwa Sikukuu ya Mikaeli na Watoto mwishoni mwa Septemba.

Baada ya hapo Bibi Mwalimu aliniita kwake akanikabidhi daftari lake. Nilidhani ni la mahudhurio na sadaka. Kumbe kila mtoto ana mstari wake. "Huyu asiulizwe mbele za wenzake, ana kigugumizi." "Baba wa huyu haonekani. Tukisoma habari za Baba wa Mbinguni, kaa karibu naye." "Akisinzia mwacheni, kwao wanauza chakula hadi usiku." Nililisoma lote siku hiyo, na kwa mara ya kwanza nikaogopa.

Sasa tatizo. Jumapili moja baada ya watoto kutawanyika, mvulana mmoja wa kundi langu alibaki akijifanya ananisaidia kupanga mabenchi. Baadaye tukakaa nje kwenye ngazi za kanisa, akaniambia jambo la nyumbani kwao linalomfanya aogope usiku ukiingia. Linamhusu baba yake wa kambo na mama yake, na yeye mwenyewe pia. Sitaliandika lote. Alilia, nikamshika bega. Akaniomba nisimwambie mtu yeyote. Nikamwambia sawa.

Mama mmoja wa kanisani alipita akatuona. Hakusema kitu. Lakini siku chache baadaye mzee mmoja wa kanisa aliniita pembeni, akaniambia kwa upole tu kwamba kuna wazazi wanauliza kwa nini kijana asiye na mke anapenda sana kukaa na watoto, na kwamba nilionekana nimekaa na mtoto peke yetu. Wapo waliosema afadhali atafutwe mama. Jumapili iliyofuata watoto kadhaa wa kundi langu hawakuja darasani, walikaa na wazazi wao ibadani.

Dada, nilihisi kama nimevuliwa nguo barabarani. Ningeweza kujitetea kwa kueleza kwa nini nilikuwa na yule mtoto, lakini nitakuwa nimemsaliti. Nikinyamaza, jina langu linaendelea kuchafuka. Nikijiuzulu, watasema ni kweli. Nikiendelea, nitakuwa naingia mle darasani kila wiki nikijua kuna macho mgongoni.

Mchumba wangu naye ana lake. Anafanya kazi duka la dawa, Jumapili ndiyo siku pekee tunayoonana. Tena Jumapili mchana ndipo wenye maduka na ofisi huniita kwa kazi kubwa kwa sababu wamefunga, na hela hiyo ndiyo tunayoiwekea harusi. Anasema, "Wewe umesimama mbele ya kanisa bila kuniuliza." Mama yangu mzazi anasema ukishasimama mbele za Mungu hurudi nyuma. Na nikiangalia walimu wengine waliobaki, ni mabinti wawili waliomaliza kidato cha nne majuzi, wakati wowote wataondoka kwenda chuo. Nisipoichukua, naona kazi yote ya Bibi Mwalimu inakufa.

Nifanyeje? Nikubali kuingizwa kazini au nimwambie mchungaji nimeghairi?

Fundi, Morogoro

Marahaba mdogo wangu. Amina.

Barua yako umeimalizia kwa swali la kukubali au kughairi, lakini katikati yake kuna jambo ambalo halisubiri tarehe ya kuingizwa kazini. Ni la huyo mtoto. Niruhusu nianze nalo, na uongozi tuuweke kando kidogo.

Ulimwambia sawa, hutamwambia mtu. Mtoto analia mbele yako, wewe ungesema nini kingine? Ila hebu tutazame alichokuwa anakiomba. Mtoto akisema "usimwambie mtu", mara nyingi anaogopa yatakayofuata: atapigwa, mama atalaumiwa, au yeye ataondolewa nyumbani. Hofu hiyo ni ya kweli na inastahili heshima. Heshima yenyewe ni kuchagua kwa uangalifu nani aambiwe na aambiwe vipi. Ukikaa nalo wewe peke yako, usiku anaouogopa unabaki palepale. Na yeye, kati ya watu wazima wote wa usharika ule, alikuchagua wewe. Sidhani alitaka msikilizaji tu.

Unauliza kama kusema ni usaliti. Mimi naona kuna tofauti kubwa kati ya kusema ili ujisafishe na kusema ili mtoto apate ulinzi. La kwanza uliliona kwa jicho sahihi ulipolikataa. La pili, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalitambua: mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Milango ipo. Kuna afisa ustawi wa jamii, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na ipo namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo kupiga ni bure. Unaweza kuanza na hiyo 116 hata kabla hujajua useme nini. Eleza ulichosikia, uliza hatua inayofaa. Kama aliyoyasema yanaonyesha hatari ya leo au kesho, basi hatua ni ya leo.

Usiende kumkabili baba wa kambo. Usimhoji mtoto upya ukitaka maelezo zaidi. Hiyo ni kazi ya watu waliofundishwa. Na tafadhali jambo hili lisipelekwe kwenye maombi ya pamoja, hata kwa kusema "tumwombee mtoto mmoja ambaye sitamtaja". Unajua kwetu: kabla ya ugali wa jioni atakuwa ameshatajwa. Aambiwe mchungaji, na labda Bibi Mwalimu, basi, kwa kuwa huenda yeye anaijua ile nyumba kuliko unavyodhani.

Mtoto mwenyewe naye asishtukizwe. Unaweza kumwambia, mahali pa wazi ambapo watu wanawaona ila hawawasikii: "Nilikuambia sitamwambia mtu. Nimefikiri, nimeona jambo hili ni kubwa, linahitaji mtu ambaye kazi yake ni kusaidia watoto. Hujakosa kitu kwa kuniambia." Huenda akakukasirikia, huenda akakaa mbali nawe kwa muda. Gharama hiyo ipo, sitakuficha.

Sasa turudi kwako. Nikiisoma barua yako naona mafundo manne yamefungwa kwenye kamba moja: mtoto na siri yake, jina lako, mchumba wako na Jumapili zenu, na kazi yenyewe ya kuongoza watoto. Swali lako la mwisho linataka jibu moja likate yote manne. Sina hakika kama lipo jibu la namna hiyo. Nadhani ukifungua moja moja, lile la uongozi litabaki dogo kuliko linavyoonekana leo.

Nianze na jina. Najua linauma, na wala sitakuambia usijali. Kijana aliyefundisha watoto kwa moyo wote akisikia anaulizwa "kwa nini anapenda kukaa na watoto", lazima aumie. Lakini hebu mtazame huyo mama aliyepita pale kwenye ngazi. Aliona nini? Mwanamume mtu mzima, mtoto wa mtu mwingine analia, hakuna mtu wa tatu, wengine wameshaondoka. Hakujua yule mtoto alikuwa amekueleza nini. Hakukutangaza sokoni, wala hakukufokea. Lilifika kwa mzee wa kanisa. Unaweza kuwa na uchungu naye na bado ukakubali kwamba mtoto wa nyumba ile ya hofu angekuwa salama zaidi kama jirani yake mmoja angekuwa na jicho kama la mama huyu.

Kuna waliokwenda mbali zaidi, waliosema atafutwe mama. Hapo nakuelewa kabisa, na sikubaliani nao. Martin Luther alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, sehemu zake alizielekeza kwa baba mwenye nyumba, jinsi atakavyowafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Yaani kanisa lenu lilianza na wanaume wakiwafundisha watoto amri kumi na Baba Yetu. Na shule ya Jumapili kama tunavyoijua imeenezwa na mwanamume asiye mchungaji, Robert Raikes, mchapishaji wa gazeti mjini Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, aliyewaonea huruma watoto walioshinda viwandani wiki nzima na kubaki bila shule. Pale darasani kwenu kuna mtoto ambaye baba yake haonekani, imeandikwa kwenye daftari. Kumwona mwanamume mpole ameshika Biblia ni somo ambalo hakuna mwingine atakayempa. Wazee wa kanisa wakiulizwa hili wazi, wanapaswa kuwa na jibu, wasikuachie wewe ulitafute mwenyewe.

Ila angalia unavyolihesabu hili jina. Umeandika kwamba ukijiuzulu watasema ni kweli. Inawezekana. Je, ukibaki watanyamaza? Hilo nalo halina uhakika. Ndiyo maana naogopa kidogo kuona jina linaingia kwenye mizani ya kukubali au kukataa. Mtu akichukua darasa la watoto ili kuwathibitishia watu kitu, atakuwa anawatazama wazazi mlangoni badala ya watoto walio mbele yake.

Na kujitetea si lazima umtaje mtoto. Ukishalifikisha jambo lake panapohusika, unaweza kumwambia yule mzee, mbele ya mchungaji: "Siku ile mtoto alinieleza jambo zito. Nimelifikisha kwa wanaohusika na mchungaji anajua. Zaidi ya hapo sitasema, kwa ajili ya mtoto." Mzee mwenye busara hatadai zaidi. Tena hapo utakuwa na haki ya kuuliza swali ambalo naona halijaulizwa na mtu yeyote hapo usharikani: utaratibu wenu wa kuwalinda watoto ni upi?

Hili nitakaa nalo, kwa sababu naona ndipo penye moyo wa barua yako. Wewe ni fundi umeme. Kabla ya kugusa waya unazima swichi kuu, hata kama una ujuzi wa miaka kumi, na mwenye nyumba akikuona unazima hasemi fundi huyu hajiamini. Darasa la watoto linahitaji mazoea ya namna hiyo, kwa mwalimu yeyote, awe mama, awe kijana, awe mchungaji mwenyewe. Watu wazima wawili chumbani. Mlango wazi. Mtoto akitaka kuzungumza, mnakaa mnapoonekana, na mwalimu wa pili anajua mko wapi. Mtoto mdogo hatoki mpaka aliyemleta, au aliyetumwa naye, amchukue. Mwalimu hampigii mtoto simu kwa siri wala hamwiti kwake. Bibi Mwalimu aliweza kuendesha bila mazoea hayo kwa sababu kila mtu alimjua tangu utoto wake mwenyewe. Mrithi wake hana urithi huo, hata angekuwa mama wa watoto saba. Yakiwekwa haya kwa wote na kutangazwa kwa wazazi, yatawalinda watoto kwanza, na wewe pia. Yakiwekwa kwa ajili yako peke yako, "kwa kuwa ni kijana", yatakuwa aibu juu ya aibu. Mchungaji aelewe tofauti hiyo kabla ya kukupigisha magoti mbele ya madhabahu.

Kuhusu kauli kwamba usipoichukua kazi itakufa, nakuuliza kwa upendo: ni nani aliyekuambia? Ni Bibi Mwalimu, au ni ule ukimya wa kanisa siku ya tangazo? Ukimya wa namna ile huwa na sababu nyingi. Wapo wanaoogopa kusimama mbele za watu lakini ukiwafuata nyumbani wangekubali kushika kundi la wadogo Jumapili moja kwa mwezi. Wapo akina baba ambao hawajawahi kuombwa kabisa. Usharika ulioweka watoto wake wote juu ya magoti ya mama mmoja kwa miaka mingi ulikuwa na tatizo hata kabla yako, na tatizo hilo haliponi kwa kubadilisha magoti. Yakobo katika sura ya tatu anasema, "Ndugu zangu, msiwe waalimu wengi, mkijua ya kuwa mtapata hukumu kubwa zaidi." Nadhani hofu uliyoipata ulipolisoma lile daftari ni ya aina hiyo, na ni hofu nzuri. Ila mbona iwe ya mtu mmoja?

Halafu hilo daftari. Nimelifikiria sana. Lina kigugumizi cha mtoto, umaskini wa nyumba, baba asiyeonekana. Sasa linakaa wapi? Nani mwingine ameliona? Likiachwa kwenye benchi Jumapili moja, itakuwaje? Rudi kwa Bibi Mwalimu ukae naye. Muulize alijuaje mambo hayo, alikuwa anamweleza nani yalipomzidi, na yapi angependa yafutwe kabla daftari halijaenda kwa mtu mwingine. Magoti yamechoka lakini kichwa chake bado kipo. Pengine angekubali kiti pembeni ya chumba, awe yule mtu mzima wa pili, bila kusimama wala kupanga mabenchi.

Mchumba wako sasa. Mama yako anaona kusimama kwako ni nadhiri. Mchumba wako anaona ni uamuzi wa nyumba uliofanywa na mtu mmoja. Sidhani mmoja wao anapingana na Mungu. Angalia alichosema: hakusema "usifundishe watoto", alisema "bila kuniuliza". Hilo ni lalamiko la mtu anayejiandaa kuwa mke wako, na anataka kujua kama mkishaoana bado atakuwa anasikia mipango yenu ikitangazwa ibadani. Kaeni, mhesabu pamoja bila kufichana: Jumamosi ya maandalizi, Jumapili asubuhi, vikao vya idara, na mazoezi ya ngonjera na maigizo Mikaeli ikikaribia, maana hapo watoto watataka kila siku. Hesabuni na hela ya kazi za Jumapili mchana itakayopungua, na nauli, na biskuti utakazonunua kwa mfuko wako kwa kuwa sadaka ya watoto haikutosha. Kujitolea kuna gharama, na ni haki mtu atakayeishi na gharama hiyo aijue. Wale walimu wa kwanza wa Raikes walikuwa wanawake waliolipwa. Sisemi udai posho. Nasema hata mwanzoni kuna aliyekumbuka kwamba mwalimu naye anakula.

Kwa hiyo njia ziko zaidi ya zile mbili ulizonipa. Unaweza kuingizwa kazini kama ilivyopangwa, ukiwa umeomba utaratibu ule wa ulinzi uwekwe na walimu waongezwe. Hatari yake ni kwamba ahadi za baraza huwa nyepesi kabla ya kuingizwa na nzito baada ya hapo. Waweza kujikuta Oktoba uko peke yako chumbani na watoto wote, mabinti wameshaenda chuo, na mchumba anahesabu Jumapili.

Unaweza kuendelea kuwa mwalimu wa kundi lako bila kuwa kiongozi. Watoto wako hawakupotezi, minong'ono inapata muda wa kutulia, na usharika unalazimika kutafuta wengine. Lakini kama kweli una karama ya kuongoza, na barua yako inaonyesha unayo kiasi, utakaa pembeni ukiangalia mambo yakiendeshwa ovyo, na hilo nalo linakula moyo.

Unaweza kuomba tarehe isogezwe mpaka baada ya Mikaeli. Bibi Mwalimu abaki na jina la uongozi, wewe na wengine mfanye kazi, wazazi wawaone mkiwa pamoja siku ile watoto wanapoongoza ibadani. Ugumu wake ni kwamba kusogeza tarehe huacha nafasi ya maneno, na kuna atakayesema "kumbe kuna jambo". Kama jambo la mtoto limeshafika panapostahili na mchungaji yuko upande wa ukweli, huenda maneno hayo ukayavumilia. Wewe ndiye unayejua una kifua cha kiasi gani kwa sasa.

Na unaweza kughairi. Kusimama kwako kulikuwa kwa kweli, na mtu aliyesimama kwa kweli anaweza pia kurudi kwa mchungaji akasema, "Nimeangalia maisha yangu, sasa siwezi." Mama yako ataumia. Baadhi watasema wanayosema. Yule mvulana atauliza uko wapi, na ningependa ujue utamjibu nini kabla ya kuchukua njia hiyo. Lakini mtu asikuambie kwamba utakuwa umemkimbia Mungu.

Ukiniuliza naona moyo wako umeegemea wapi, nitasema umeegemea darasani. Ulipoandika kuhusu Jumamosi jioni na kuandaa somo, mwandiko ulibadilika. Hata hivyo, kupenda kufundisha na kukubali kuongoza ni mambo mawili. Kuongoza ni kutafuta walimu, kudai vikao, kumwambia mzee wa kanisa "hapana", kumfuata mzazi nyumbani na kumsikiliza akikushuku. Mwombe Mungu akuonyeshe kama na hayo unayataka, kisha mwulize na mchumba wako anavyokuona, maana yeye anakujua ukiwa umechoka.

Kabla ya kikao chochote, nenda kwa mchungaji siku ya kazi, si Jumapili mlangoni watu wanaposalimiana. Mweleze la mtoto kwanza, kisha la minong'ono, kisha la uchumba, kwa mpangilio huo. Muulize ni walimu wangapi atakuahidi kwa majina, na nani atatangaza utaratibu wa ulinzi kwa wazazi. Kama atakuambia tarehe haiwezi kusogezwa na utaratibu utazungumzwa baadaye, hilo nalo ni jibu. Nenda nalo nyumbani, mkae nalo wewe na mwenzako, kabla hujasema ndiyo au hapana.